Pipa Halikai Tupu

Soko la Croix-Rousse, mjini Lyon, Jumamosi asubuhi halina adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Thibault alisukumwa mpaka akaigonga meza ya mvinyo, na bilauri nzima ikammwagikia kwenye shati jeupe alilolivaa makusudi apendeze.

"Hiyo haitoki, kaka," muuzaji akamwambia bila haraka. "Ni mvinyo wa zabibu za Syrah. Umelala kwenye pipa mwaka mzima na nusu."

"Basi na mimi sitoki mpaka uniambie jina lako."

Binti huyo aliitwa Clémence. Alivaa sweta la bluu lililochakaa viwiko, na nywele zake alizifunga kwa kamba ya kufungia mizabibu. Thibault, mwenye saluni mtaa wa pili, hakuweza kuivumilia kamba ile.

"Nani amekufunga nywele hivi?"

"Mimi mwenyewe, gizani."

"Inaonekana."

Clémence akacheka, akamfuata saluni, akaoshwa nywele kwa maji ya vuguvugu mpaka akasinzia kitini. Mapenzi yakaanza hapo, na yalikuwa mapenzi ya kweli, msinibishie.

Tatizo lilikuwa kilima. Shamba la kina Clémence limening'inia juu ya mto Rhône, kule Tain, mwendo wa treni kutoka Lyon, kwenye mteremko ambao trekta haipandi. Baba yake, mzee Firmin, magoti yalikuwa yamekwisha, na mtoto ni huyo mmoja tu. Tena mbao za pipa hunywa mvinyo. Mvinyo ukipungua usipojaziwa, hewa huingia, ukageuka siki.

"Laazizi, njoo Jumapili," Thibault alikuwa akimwambia kwenye simu.

"Jumapili najazia mapipa."

"Si uliyajazia juzi?"

"Yamekunywa tena."

"Mapipa gani haya yana kiu kunishinda mimi?"

"Vumilia, kipenzi. Mvinyo huu ukishatiwa chupani, nahamia kwako. Nimeapa."

Akavumilia. Majira ya kuchipua yalipofika, mvinyo ukatiwa chupani, na Thibault akanunua kitanda kipana. Akapiga simu.

"Haya, unakuja Jumapili?"

"Siwezi. Najazia."

"Unajazia nini, Clémence? Si mvinyo umeshatoka pipani?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Mtu akikatiwa simu hakosi la kufikiri, na Thibault alifikiri mwanamume. Wivu ukamla wiki nzima. Jumapili akanyoa ndevu, akavaa koti lake la kijivu, akapanda treni kwenda kumfumania.

Alimkuta kwenye ghala la mapipa chini ya nyumba, peke yake, ameshika birika refu, mikono ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Ghala lilinuka mbao mbichi na unyevu. Upande wa kushoto mapipa yalikuwa yameoshwa, matupu. Upande wa kulia yalikuwa yamejaa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Bwana wako."

Clémence akaonyesha mapipa kwa kidevu. Thibault akacheka kwa aibu, akamkumbatia, na koti likaharibika. Kisha akayatazama yale yaliyojaa.

"Haya yametoka wapi?"

"Mavuno ya Septemba. Kila mwaka mapya huingia kabla yale ya zamani hayajatoka." Akaliweka birika juu ya pipa. "Sikukudanganya, Thibault. Nilipoapa niliamini. Nilikata simu kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimehesabu, nikaona hakuna siku ghala hili litakuwa tupu."

"Basi nahamia mimi huku. Nywele ziko kila mahali."

Mzee Firmin alikuwa ameteremka ngazi akijishika ukutani. Akamtazama kijana, akatabasamu, akalichukua birika, akampa.

"Shika, mwanangu. Mimina taratibu, mpaka ufike mdomoni mwa pipa."

Thibault akamimina. Hakumwaga hata tone.

"Ana mkono mzuri huyu," mzee akasema kwa furaha.

Clémence akalitazama tabasamu la baba yake. Mama yake alikuwa mfumaji wa hariri huko Lyon. Alipanda kilima hiki kutazama mavuno tu, akakabidhiwa makasi ya kukatia zabibu kwa tabasamu hili hili, na tangu siku hiyo hashuki ila kwa mazishi. Huko juu nyumbani, mama huyo alikuwa sasa akiongeza sahani mezani, na vishindo vyake vilisikika.

Clémence akamnyang'anya Thibault lile birika.

"Twende nikupeleke stesheni."

"Mama yako ameniandalia chakula."

"Ndiyo maana. Twende."

Akamvuta mkono mpaka stesheni. Treni ilipoingia, Thibault akamshika mikono yote miwili.

"Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naumwa. Ningekuwa sikupendi, ningekuacha ule."

"Niambie basi utakuja lini. Hata uongo, laazizi."

"Safari hii hapana."

"Nikirudi mwenyewe je?"

Clémence akamsukuma ndani ya behewa kwa kiganja chenye rangi ya mvinyo, na alama yake ikabaki kifuani pa koti.

"Usirudi," akasema huku akilia waziwazi, mbele za watu. "Leo nimekufukuza kwa nguvu zangu zote, Thibault. Ukirudi, nitakupa birika."