Bado Unasikiliza?

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba ya Rugera pale Mukashema alipofunga kanga kiunoni akatoka, simu mkononi, hasira mdomoni. Alikuwa anakwenda kumgombeza Polikarpi.

Polikarpi, mnunuzi wa maharage, ndiye aliyemwekea programu ya masimulizi kwenye simu. Kila jioni, akichambua maharage, mwanamke mmoja mwenye sauti laini kama samli alimletea mambo ya watu: nani kamtoroka nani, nani kaonekana kwa nani. Utamu wake, nyie! Kisha kampuni yenye programu hiyo ikaifunga, katikati ya kisa. Bibi harusi kashika kitasa, anasema, "Nikafungua mlango, nikaona..."

Kimya.

Yakatokea maandishi: Huduma imesitishwa. Asante kwa kuwa nasi.

Asante ya nini? Hata mlevi akitoka kilabuni huaga! Mukashema alipiga namba yao mpaka sikio likapata moto. Hakupokea mtu. Majirani wakamwambia aifute tu hiyo programu.

"Sifuti ng'o," akawajibu. "Wanirudishie bibi harusi wangu."

Sasa alikuwa katikati ya shamba, majani makavu yakilia chini ya ndala zake, simu ikatetemeka.

"Mukashema... bado unasikiliza?"

Akasimama.

Programu ile haikuwahi kulijua jina lake. Na sauti haikuwa ya yule mwanamke. Ilikuwa ya Polikarpi. Pakanuka maziwa yaliyochacha, na hapakuwa na ng'ombe wala kibuyu karibu.

"Ndiyo" ilishamfika kwenye ulimi. Akaimeza. Giza likianza kuingia, ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Hilo alifundishwa kabla hajaota meno ya pili. Akakaza mwendo.

Polikarpi alikuwa amekaa mlangoni kwake, mkewe Uwizeye kando yake na rozari.

"Shikamoo, mama," Uwizeye akanong'ona.

"Marahaba. Huyu mbona haniamkii? Kanikopa?"

"Hana sauti, mama. Tangu juzi. Simu ilimuuliza kama bado anasikiliza... akasema ndiyo."

Polikarpi akafumbua mdomo. Ukatoka upepo tu.

Na papo hapo, mkononi mwa Mukashema, sauti ya Polikarpi ikaanza, changamfu kabisa: "Jioni njema! Leo nawaletea habari za mama mmoja wa Rugera, anayependa sana mambo ya watu..."

Midomo ya Polikarpi ilikuwa inacheza. Ilikuwa inachelewa kidogo nyuma ya maneno.

"Itupe chooni!" Uwizeye akalia.

"Na sauti ya mumeo nayo iende chooni? Tulia, mwanangu."

Simu ikabadilisha sauti. Akaja yule mwanamke wa samli. "Mukashema... sema ndiyo, nikumalizie. Nikafungua mlango, nikaona..." Nyuma yake kulisikika pumzi. Nyingi. Kama kanisa zima limebanwa kwenye kile kisimu.

Mukashema ulimi ulimwasha. Kuujua mwisho alitaka, tusidanganyane. Lakini bila sauti yeye ni nani? Rugera nzima nani angeipasha habari?

Akavuta kigoda, akaketi, akaiweka simu magotini.

Kuitika hakuitika. Alisimulia.

"Basi bibi harusi akafungua mlango," akasema, "akawakuta mabwana wa kampuni wamekaa chini, uchi, kila mmoja kajifunika jani la mgomba. Mkubwa wao akainuka. Jani likaanguka. Bibi harusi akatazama, akaona..."

Akafunga mdomo. Akaanza kusafisha kucha.

Pumzi zikanyamaza zote.

"Akaona nini?" simu ikauliza.

Mukashema akapuliza kucha yake.

"Akaona nini?"

"Uchungu, eeh? Mtoe kwanza Polikarpi."

Maziwa yaliyochacha yakanuka mpaka Uwizeye akaziba pua. Polikarpi akajikunja, akakohoa kama aliyepaliwa na ugali.

"Maji," akasema.

Sauti yake mwenyewe. Uwizeye akamrukia shingoni.

"Mama, akaona nini?" simu ikalia, sasa kama mtoto.

Mukashema akaizima. Akarudi kwake akicheka peke yake njia nzima.

Ile ilikuwa nini, hajui hadi leo. Padri anasema shetani. Mafundi simu wa mjini Kayanga wanasema ni betri. Lakini jioni iliyofuata, alipokuwa anachambua maharage, simu ikiwa imezimwa kabatini, mlango wake uligongwa taratibu.

"Mukashema... akaona nini?"

Haikutoka kabatini. Ilitoka nje, chini kabisa ya mlango, kama aliyeuliza amelala kifudifudi. Harufu ikapenya.

Akainuka, maharage yakamwagika. Akasukuma kinu mlangoni, akakikalia, akapandisha sauti ili hata majirani wasikie.

"Leo namtaka yule mwanamke wa sauti ya samli," akasema. "Mtoe, ndipo tuongee."