Bukoba ni Karibu Hivi

"Adventina! Simama kwanza!"

Hakusimama. Alikuwa amekwisha fika mezani kwa karani wa uwanja wa ndege wa Mwanza, jasho likimtiririka. Mumewe, Nkwabi, alimfikia akihema.

"Ndugu, Bukoba imebaki nafasi moja," karani alisema.

"Ni yangu," Adventina alijibu, kisha akamgeukia mumewe. "Tangu Jumatatu! Kaka yangu anakupigia simu ofisini kwamba mama yuko hoi, wewe kimya. Leo nisingekuletea chakula huko ofisini nikaipokea simu mwenyewe, ningejua lini? Akishazikwa?"

"Mama yako aliapa, mke wangu. Alisema ukikanyaga kwake hurudi tena kwangu, eti kwa Msukuma. Niliogopa kukukosa."

"Ndege haifiki saa nzima, Nkwabi! Saa moja tu, ningekuwa nimemshika mama mkono. Na wewe kila jioni unarudi nyumbani Igogo, unakula, unaniuliza mbona chumvi imezidi!"

Abiria wakaitwa.

"Nitakufuata kwa meli ya leo," alisema kwa unyonge.

"Ziwa si langu. Panda ukitaka."

Machozi hayajamkauka, aliona mji wa Bukoba chini yake kupitia dirisha la ndege. Tangu aolewe hakuwa amerudi. "Kumbe ni karibu hivi," alinong'ona, na ukaribu huo ukamuuma kuliko kitu chochote.

Kaka yake, Rugemalira, alimpokea, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

Hakumtaja mumewe.

Kesho yake asubuhi Nkwabi akafika. Alipiga magoti mlangoni, macho chini.

"Shikamoo, mama. Adventina hana kosa. Mimi ndiye niliyemficha habari."

Rugemalira alisimama kwa hasira. Mama akamzuia kwa mkono.

"Kwa nini, baba?"

"Niliogopa utamzuia asirudi kwangu."

Mama alivuta pumzi kwa shida.

"Ningemzuia," alisema. "Kweli kabisa, ningemzuia. Wewe na mimi tumemtesa mtu mmoja."

Mama alifariki jioni ile. Nkwabi alichimba kaburi pamoja na wanaume wa pale, katikati ya migomba, mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyemsemesha.

Matanga yalipoisha alimfuata mkewe uani.

"Twende nyumbani."

"Tangulia."

"Utakuja?"



"Umesema kweli bila kulazimishwa, nimeona. Lakini nina hasira, Nkwabi. Sitaki kulala nayo kitanda kimoja na wewe. Ikipungua, nitakuja."

"Na isipopungua?"

"Nitakuja tugombane huko huko kwetu, Igogo."

Nkwabi aliposikia neno "kwetu," akalia kama mtoto. Adventina akamfuta uso kwa kiganja chake.