Maswali ya Bwana Kwanini

Foleni ya vitambulisho ilikuwa imejikunja mara tatu ndani ya ukumbi. Watu wamebanana, watoto wanalia, na dirishani yupo karani mmoja tu, naye anapiga miayo. Katikati ya zogo hilo ikasikika sauti ya mwanaume, nzito, haina haya hata kidogo, ikiiambia simu:

“Kwa nini twiga hana sauti?”

Watu wakageuka. Msichana aliyekuwa mbele yake naye akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi utosini. Jamaa mrefu, shati la bluu lenye vitobo vya cheche za moto, mikono mipana, simu kaiweka mdomoni utadhani anataka kuing'ata.

“Sauti anayo,” msichana akasema. “Ila hana la kusema. Si kama watu wengine.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanaume naye akacheka, wala hakuona aibu. Akamwangalia vizuri: gauni la njano lililomkaa mwilini sawasawa, mkanda mweusi kiunoni, na shingoni utepe wa kupimia nguo.

“Na wewe dada, kwa nini umetoka na futi shingoni?”

Msichana akapeleka mkono shingoni. Loo! Alikuwa ametoka dukani mbiombio, akausahau. Akauvua haraka, akaukunja, akauficha kwenye mkoba.

“Ni mkufu,” akasema. “Wewe vya mjini huvijui?”

Basi ndiyo ikawa hivyo. Wengine mapenzi yao huanza kwa maua, ya hawa yalianza kwa twiga, msinilaumu mimi.

Mwanaume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mageti na madirisha. Karakana nzima walimwita Kwanini, maana hakuna kitu kilichopita mbele yake kikasalimika bila kuulizwa. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na masizi kutwa, hakuandika. Aliibonyeza simu kwa kifundo cha kidole, akasema nayo. Kwa nini kitunguu kinaliza? Pweza ana mioyo mingapi? Mtu anaweza kukaa macho muda gani bila kulala? Majibu akiyapata alimsimulia kila aliyekuwa karibu, atake asitake.

Msichana walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, na sasa wawili hao walikuwa na duka la kushona, cherehani mbili, pasi, na pazia la kujaribia nguo. Kasoro yake Sindano ilikuwa moja: wasiwasi. Mchumba wake wa kwanza alimficha kwamba ana mke na watoto mji mwingine, mpaka siku mke alipopiga simu. Tangu hapo Sindano akiambiwa kumekucha, anatoka nje kwanza ahakikishe.

Hata hivyo Kwanini alimwingia moyoni. Alikuwa akipiga simu mchana, kelele za karakana nyuma yake.

“Sindano wangu.”

“Nani wako? Umeninunua?”

“Umekula?”

“Nimekula. Leo umeuliza nini huko kwenye simu yako?”

“Kama samaki wanalala.”

“Wanalala?”

“Njoo jioni nikwambie.”

Naye alikwenda. Kila mara alikwenda.

Siku simu ya Sindano ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji ya pasi, Kwanini alimletea simu yake ya zamani. “Nimefuta picha zote,” akasema kwa majivuno. Picha kweli alifuta. Alichosahau ni kuiondoa akaunti yake, ile ile anayoitumia kwenye simu mpya. Kwa hiyo kila alichokiuliza Kwanini karakanani, simu ya Sindano nayo ilikihifadhi. Mmoja hakulijua hilo, mwingine hakulikumbuka.

Asubuhi moja mteja alileta gauni la hariri lenye doa la mafuta. Sindano akachukua simu atafute namna ya kulitoa. Akaandika “jinsi ya ku”, na kabla hajaendelea, simu ikamshushia yale yaliyowahi kuulizwa. La kwanza lilisomeka hivi:

*jinsi ya kumuua mwanamke asiye na wazazi*

Akasoma tena. Akashusha kidole.

*kumuua kimyakimya bila watu wengi kujua inawezekana*

Na chini yake: *mwili wa binadamu una damu lita ngapi*. Na chini yake tena: *moto wa kuyeyusha chuma unaweza kuunguza mfupa*.

Simu ilikuwa ya nani? Ya Kwanini. Mwanamke asiye na wazazi ni nani? Hapo hakuhitaji kumuuliza mtu. Gauni la hariri likamponyoka mikononi likaanguka sakafuni.

“Una nini wewe?” shangazi akauliza kutoka kwenye cherehani yake.

“Sina kitu, shangazi.”

“Mbona umekuwa kama umeona nyoka?”

“Njaa tu.”

Hakusema. Angesemaje? Shangazi mwenyewe alikwisha kumpenda Kwanini, alikuwa akimwita “mwanangu” na kumwekea kiti. Sindano akajikaza kisabuni. Lakini tangu saa ile kila neno la mpenzi wake likawa na kivuli.

Mchana simu ikaita.

“Sindano wangu.”

“Abee.” Sauti ilimtoka nyembamba.

“Leo hunitukani? Unaumwa?”

“Hapana. Uko wapi?”

“Karakana. Nakata vyuma.”

“Vya nini?”

“Aa... kuna kitu natengeneza. Utakiona siku yake ikifika.”

Sindano akageuka kuangalia mlango.

“Jumapili uko na nafasi?” Kwanini akaendelea. “Nataka tutoke, mahali pametulia, wewe na mimi tu. Ila shangazi usimwambie kwanza.”

“Kwa nini nisimwambie?”

“Ala! Leo umekuwa mimi? Ni siri bwana.”

Sindano alikata simu, akakaa chini ya rafu ya vitambaa. Jumapili akasema anaumwa kichwa. Iliyofuata akasema kuna nguo za harusi za watu. Katikati ya visingizio hivyo, akawa anaiuliza simu mambo yake mwenyewe: dalili za mwanaume muuaji. Jinsi ya kumtoroka mchumba asijue. Mtu mpole anaweza kuwa mbaya. Na swali moja ambalo aliliandika, akalifuta, akaliandika tena: kwa nini bado ninampenda mtu ninayemwogopa. Simu ikampa majibu ya kila aina, hakuna hata moja lililomtuliza.

Sasa sikia maajabu. Kwanini alikuwa anapumzika karakanani baada ya kula, mikono kanawa, akafungua simu. Juu kabisa akakuta maneno ambayo si yake. *Jinsi ya kumtoroka mchumba asijue.* Akakunja uso. Kisha akakumbuka ile simu ya zamani, akaelewa. Mtu muungwana angepiga simu pale pale akasema, “Mpenzi, akaunti zetu zimeungana.” Kwanini hakupiga. Akaanza kuchungulia. Kila siku alifungua kuona Sindano kauliza nini, na kila siku alifunga simu akiwa amenyong'onyea zaidi. Alipofika kwenye *mwanaume muuaji*, hakusoma tena. Akaacha kupiga simu.

Kule dukani ukimya ule ukamtisha Sindano kuliko simu zenyewe. Mtu aliyezoea kupiga kila mchana anyamaze tu? Bila shaka anapanga. Pikipiki ikisimama nje, anaruka. Mlango ukilia, mkono kwenye mkasi.

“Utanieleza,” shangazi akasema siku moja, akizima pasi. “Leo utanieleza, ama nitampigia mwenyewe.”

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Kwanini alisimama kizingitini, shati jeupe lililonyooshwa, macho mekundu. Hakuwa na lile tabasamu lake.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Umepotea!”

“Nimekuja kumuuliza huyu jambo moja,” Kwanini akasema. “Unataka kunitoroka. Nimekukosea nini?”

Sindano akanyanyuka, mkasi mkononi. “Nani kakwambia nataka kukutoroka?”

“Nimesoma. Hiyo simu bado iko kwenye akaunti yangu. Naona kila unachouliza.”

“Kumbe ulikuwa unanichungulia!”

“Ndiyo, nilikuwa nakuchungulia! Umeandika mimi ni muuaji! Mimi? Nimemuua nani?”

“Bado hujaua, unajifunza!” Sindano akalipuka, machozi yakamwagika hapo hapo. “Unadhani ni mimi tu ninayesomwa? Na mimi nimekusoma! Shangazi, huyu mtu wako anataka kuniua!”

“Ebo!” shangazi akasema, akatafuta pa kukaa.

Sindano akafungua simu, akasoma kwa sauti. “Jinsi ya kumuua mwanamke asiye na wazazi. Kumuua kimyakimya bila watu wengi kujua inawezekana.” Akashusha kidole, akaendelea kwa hasira, hata yale aliyokuwa hajayafikia. “Kumuua mwanamke aliyelelewa na shangazi naanzia wapi. Kumuua, mashahidi wawili wanatosha...”

Shangazi akainua mkono.

“Hebu rudia hapo,” shangazi akasema.

“Mashahidi wawili wanatosha.”

“Muuaji gani huyo anayetafuta mashahidi?”

Kwanini alikuwa amekodoa macho. Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma midomo ikicheza. Uso wake ukabadilika taratibu, kwanza mshangao, kisha aibu, kisha kitu kati ya kicheko na kilio.

“Kuoa,” akasema. “Mimi nilisema ku-o-a. Mashine ya kukatia inapiga kelele, nimevaa miwani myeusi, nasema na simu... Nilisema kumuoa! Jinsi ya kumuoa mwanamke asiye na wazazi. Nilitaka kujua nakwenda kumwomba nani.”

“Na kimyakimya?”

“Ndoa ndogo. Wewe si ulisema hupendi makelele?”

“Na ile damu? Na mfupa?”

“Niliuliza tu, hayo hayahusu. Mimi nauliza kila kitu, wewe hunijui?”

“Na majibu yake?” shangazi akauliza, mabega yameanza kumtikisika. “Uliposema hivyo simu ilikujibu nini?”

“Ilinipa namba za polisi,” Kwanini akasema kwa unyonge. “Ikaniambia nitulie, nitafute mtu wa kuongea naye. Nikadhani labda kuoa siku hizi kumekuwa jambo la hatari.”

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Sindano hakucheka. Aliuweka mkasi mezani, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kwanini naye hakucheka.

“Uliamini,” akamwambia. “Kweli kabisa uliamini naweza kukuua.”

“Niliamini.”

“Na simu zangu ulikuwa unapokea.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nilikuwa nakuogopa na kukukosa, vyote kwa pamoja,” Sindano akasema. “Nilikuwa nasikia sauti yako nataka kukimbia, halafu ukikata naumia. Ulitaka nifanye nini?”

“Uniulize mimi.”

“Na wewe ulipokuwa unanichungulia, kwa nini hukuniuliza mimi? Umeuliza dunia nzima nani wa kuombwa, na mimi nilikuwa nakaa na wewe kila jioni!”

Hapo Bwana Kwanini, mwenye maswali yasiyokwisha, hakuwa na la kusema.

Shangazi akaingilia. “Haya, mtu wa kuombwa ni mimi. Niombe.”

Kwanini akapiga goti moja kwenye mabaki ya vitambaa. “Shangazi, naomba kumuoa mwanao.” Neno lile alilitamka polepole, kwa uangalifu.

“Kwangu mimi hakuna kizuizi,” shangazi akasema. “Mwenyewe huyo hapo.”

Wakamtazama. Sindano alitazama chini. Alitaka kusema ndiyo. Lakini woga wa siku zote zile hautoki kama doa, useme umelipatia dawa yake.

“Nipe nafasi,” akasema. “Nimekusikia, na nimekuamini. Lakini moyo bado unaruka mlango ukilia.”

Kwanini akainuka, akapangusa goti. “Sawa. Naiondoa akaunti yangu humo, usisumbuke tena.”

“Iache.”

“Niiache? Kwa nini?”

“Nimesema iache,” Sindano akasema, akampa kisogo na kuwasha pasi.

Kwanini akaondoka shingo upande. Siku zilizofuata hakupiga simu, aliogopa kumharakisha. Alipiga rangi kitanda cha chuma alichokuwa akikitengeneza kwa siri, akakisukuma nyuma ya mageti ya watu, akawa hakitazami. Hakuuliza chochote, si twiga, si samaki, mpaka wenzake wakadhani anaumwa.

Mchana mmoja, karakana inavuma, simu ikiwa imelazwa juu ya meza ya kazi, aliinua miwani ajipanguse jasho na kuifungua aone saa ngapi. Macho yakaenda juu kabisa, kwenye swali ambalo si lake:

*bibi harusi anaweza kujishonea gauni lake mwenyewe*

Akalisoma. Akavua miwani, akalisoma tena, herufi kwa herufi, mtu aliyekwisha kuumizwa na herufi moja. Akawapigia wenzake kelele wazime mashine, zote! Zikazimwa. Akabonyeza namba.

“Haloo,” Sindano akasema.

“Anaweza,” Kwanini akasema, pumzi zinamwenda mbio. “Kabisa anaweza.”

Upande wa pili cherehani ikasimama.

“Nani kakuuliza wewe?” Sindano akasema, na kicheko kilikuwa kimemjaa hadi kooni.

“Wewe,” Kwanini akajibu. “Umeniuliza wewe.”