Shoro Watatu wa Bonde la Mtoni

"Miguu myeusi ile, Mama Huda, nimeiona kwa macho yangu, sasa wewe..."

"Miguu umeona, na sauti je? Huyo si huyo unayemsema, tena wako..."

"Mie nakwambia nimemuona, unaniambia..."

"...wako wanne, Baba Huda. Nimewasikia wanne."

Hayat na mumewe Khalil walikuwa wamesimama ukingoni mwa matete ya mto Kizinga, kule Mtoni. Saa moja asubuhi, na tayari wanabishana. Ndege mwenyewe alishaingia ndani ya matete zamani. Ni ndege mdogo, rangi ya udongo, anaitwa shoro. Tatizo ni kwamba kuna shoro wa aina tatu, na wote ukiwatazama haraka ni kama watoto wa mama mmoja.

Ishu ilikuwa hii. Kila Januari, vikundi vya mitaa vinahesabu ndege wa matete, kila kikundi na bonde lake. Mwaka jana karatasi ya Mtoni ilirudishwa kwa kuwa ilikuwa na makosa. Mwaka huu ikirudi tena, bonde wanapewa watu wa Chamazi. Na kiongozi wa Chamazi, Albano, fundi baiskeli mwenye maneno mengi, alishapita dukani kwa Khalil kununua doti ya kanga. Akauliza kwa upole kabisa kama Mtoni wanahitaji kuazimwa macho. Khalil alimfungia mzigo wake. Hayat alikuwa nyuma ya pazia, na aliyasikia maneno hayo vizuri sana.

Kilichowaponza ni ufundi wao wenyewe. Khalil anauza kanga miaka thelathini. Kanga iwe imekunjwa, iko juu kabisa ya rafu, yeye akiona pindo tu anakutajia ni ipi. Hayat naye anafundisha chuo cha Kurani barazani kwake. Watoto ishirini wanasoma kwa mkupuo, kila mmoja na sura yake. Yeye kawapa mgongo, anachambua mchele, na bado anasema, wewe wa mwisho rudia hiyo aya. Basi walipopewa kazi ya ndege, Khalil akahesabu kwa macho tu. Hayat akahesabu kwa masikio tu, tena kayapa matete mgongo, kama yuko chuoni.

Siku hiyo alikuja mama Atuganile, msimamizi wa hesabu. Ni mtu wa Tukuyu, anatembea na mabuti ya mvua hata kukiwa na jua kali.

"Shikamoo, mama," alisema Hayat.

"Marahaba, binti yangu. Nimewasikia tangu kwenye daraja. Na shoro nao wamewasikia."

Hakuuliza nani kashinda. Alimpa Hayat darubini. Khalil akaambiwa afumbe macho asikilize tu. Khalil akalalamika kwamba huo ni uonevu. Mama Atuganile akamjibu kuwa hata watoto wa chuo hulalamikaga hivyohivyo.

Shoro mmoja akapanda bua la tete.

"Haya, Hayat," alisema mama Atuganile. "Anza juu. Ana nyusi?"

"Ana mstari mweupe juu ya jicho. Miguu myeusi... hapana. Ni tope. Limebanduka kidogo, chini yake miguu ni ya kahawia."

Khalil alifumbua jicho moja, akalifumba tena. Mwaka jana aliandika shoro kumi na moja wa miguu myeusi.

Mama Atuganile akawaeleza taratibu. Shoro wa kwanza ni mkubwa kidogo. Nyusi zake nyeupe zinaonekana wazi na miguu yake ni ya giza kwelikweli. Anaimba kwa nguvu, sauti imejaa, kama maji yanayomiminika kwenye chupa. Halafu ananyamaza, halafu anaanza tena. Wa pili ni mdogo. Mgongo wake hauna mistari na nyusi zake ni hafifu. Huyu haimbi kwa haraka, na kila neno analirudia mara mbili, mara tatu.

"Kama mtoto anayekariri," alisema Hayat.

"Hapo umempata. Na wa tatu ni mgeni, anakuja msimu huu kutoka Ulaya. Mgongo wake una mistari, nyusi pana. Anaimba mbiombio, anachanganya, anagomba, na anaiga ndege wengine."

Hayat alishusha darubini. "Anaiga?"

"Anaiga. Mmoja tu anaweza kukudanganya wako wanne."

Khalil alicheka mpaka akashika goti. Hayat alimwacha acheke, maana aibu ya Khalil ya tope ilikuwa bado mbichi.

Basi wakajifunza hivi: usimhukumu ndege kwa alama moja. Sikiliza anavyoimba, kisha tazama nyusi, mgongo na miguu, na uangalie tope. Alama zikikubaliana, andika. Zikikataa, andika "shoro, sijui yupi". Khalil aliona hilo la mwisho ni aibu kwa mwanamume mwenye duka. Mama Atuganile akamwambia kwamba karatasi isiyo na "sijui" hata moja ndiyo inayomtiaga yeye wasiwasi.

Wiki mbili walifanya mazoezi, na kila siku walibadilishana, leo huyu macho, kesho yule masikio. Jumamosi ya hesabu walimaliza bonde zima bila kugombana, jambo ambalo majirani waliliongelea zaidi kuliko ndege. Waliandika shoro wakubwa tisa, wadogo sita, wageni watatu. Na mstari wa mwisho: shoro wawili, sijui yupi.

Mchana vikundi vyote vilikutana. Mama Atuganile alisoma karatasi ya Mtoni mbele za watu, polepole, akapiga muhuri. Ya Chamazi ilirudishwa kidogo ikarekebishwe. Albano alikuja mwenyewe kumpa Khalil mkono, akasema macho yale sasa hata yeye angeyaazima. Khalil alisimama kama aliyevishwa joho. Hayat alijifanya anafunga mtandio vizuri, kumbe anaficha tabasamu. Bonde limebaki Mtoni, na jina lake liko kwenye karatasi, la kwanza, juu ya la mumewe.

Watu walipoanza kutawanyika, mama Atuganile alimvuta Hayat pembeni. Alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Hawa wageni watatu," alisema. "Mmoja nilimuona asubuhi, hatua tano tu kutoka nilipokaa. Alikuwa anafungua mdomo, koo linatetemeka. Sikusikia kitu."

Hayat alimsogelea karibu.

"Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii, na hakuna ninayemwambia ila wewe. Nakuomba, binti yangu, kuanzia Jumamosi ijayo, nikienda kuhakiki mabonde, ukae kushoto kwangu, kwenye sikio lenye nafuu, uniambie wanaimbaje."