Mizizi Mitatu ya Mkuyu wa Sisibo

Mnapenda kunisumbua na hadithi hii, halafu usiku mnaogopa kwenda choo na mimi ndiye wa kuwasindikiza. Haya. Kaeni. Na mwenye chakula akiweke chini, kwa sababu hii si ya kusikiliza ukitafuna.

Ilikuwa mwaka ule wa nzige, Eldoret tukiiita Sisibo. Jioni moja Kituyi, mchimba mtaro, alitumwa arudi kazini kuchukua karai lililosahauliwa. Kazi ndogo tu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya stesheni, naye anafikiria ugali wake.

Mtaro huo ulikuwa wa bomba la maji. Mzungu wa maji alikuwa amepigilia vigingi hatua kumi kutoka kwa mkuyu mkubwa wa kando ya barabara, akasema mti usiguswe. Lakini pale penye vigingi palikuwa na mwamba. Nyapara wao, Phineas Wasike, mtu wa tumbo mbele na akili nyuma, aling'oa vigingi Jumapili watu wakiwa kanisani, akavipigilia karibu na shina penye udongo laini. Mizizi miwili minene kama mapaja ikakatwa. Vidonda akavipaka lami, akavifunika udongo, Mzungu asione.

Jemutai, aliyewauzia wachimbaji maziwa lala, yale ya kuganda, alimwambia wazi.

"Hapa palikuwa boma letu kabla hatujafukuzwa. Kila mama alizika kondo la mtoto wake kwenye mizizi hiyo. La mtoto wangu liko hapo."

"Basi lichukue, Mama, uende nalo," Wasike akamjibu, akacheka mpaka maziwa aliyokuwa akinywa yakamtoka puani.

Sasa Kituyi alipokaribia, harufu ndiyo iliyompokea. Maziwa yaliyooza... na chini yake kitu kingine, kama nyumba ya mama aliyejifungua iliyofungwa wiki nzima bila dirisha. Akafunika pua.

Kisha akasikia.

Fyo... fyo... fyo...

Kama mtoto anayenyonya.

Wasike alikuwa amesimama ukingoni na taa ya mafuta. Chini, ndani ya mtaro uliompita kichwa, alikuwa Jackson na shoka. Jackson, ndugu yake Kituyi wa tumbo moja. Siku walipoondoka nyumbani mama yao alimwambia Kituyi, "Ukirudi bila huyu, mlango wangu usiubishe."

"Mzungu anakagua kesho asubuhi," Wasike alinong'ona. "Umebaki mzizi mmoja unaozuia bomba. Wewe chukua karai lako uende."

Kituyi hakwenda. Aliangalia upande wa pili wa mti. Ardhi ilikuwa imepasuka. Upepo ulipolisukuma shina, ufa ulifunguka. Ukajifunga. Ukafunguka tena... na ndani yake ute mweupe ulivutika, kama mate kwenye mdomo wa ndama.

"Jackson, toka."

"Nikitoka hatanisainia kipande changu cha kazi. Na bila kipande polisi watanilaza ndani."

"Heri ulale ndani kuliko chini. Huu mti hauna tena cha kuushika. Toka."

Jackson akaangalia chini miguuni. Halafu akasema polepole, "Ndugu yangu... kuna kitu kinanilamba mguu."

Kituyi alilala kifudifudi, akamshika makwapa, akavuta. Jackson akapanda juu kama gunia lililolowa. Mguu wake ulikuwa umejaa ute mpaka gotini, na ndani ya ute kulikuwa na nywele. Laini. Nywele za kichwa cha mtoto mchanga.

Jackson akatapika hapo hapo.

"Mnaogopa mti, na mmetahiriwa?" Wasike akasema. Akavua koti, akashuka mwenyewe, akapiga shoka. Mara moja. Mara mbili.

Kuni zina mlio wake. Ule haukuwa mlio wa kuni.

Utomvu mweupe, vuguvugu, ukamrukia usoni, ukaingia mdomoni. Akatema, akapapasa kuta kwa mikono yote miwili. Mzizi wa tatu ukakatika, shina likaguna. Kuta za mtaro zikaja pamoja.

Ndugu wale wawili walichimba, mmoja kwa karai, mwingine kwa kucha, mpaka wanaume wa kambini wakafika na majembe. Walimkuta hai, amefukiwa mpaka kidevuni. Mikono yake ilikuwa imezama hadi viwiko ndani ya matundu ya ile mizizi miwili ya kwanza, kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Vidole vilikuwa vimefungwa na vijizizi vyembamba, vyeupe, ambavyo kuota kwake ni kazi ya miezi.

Vilikuwa vinafyonza.

Mkuyu haukuanguka. Umebaki umeinama, na mpaka leo hakuna aliyeniambia ulishikwa na nini. Daktari alisema udongo ulimponda mikono, lami ikaingia vidondani, nyama ikaoza. Labda. Yeye amesoma, mimi sikusoma. Alikata yote miwili, na Wasike akarudi kwao kulishwa na mkewe kama kifaranga.

Jemutai alipoelezwa, aliuliza tu, "Alikata mizizi mingapi?"

"Mitatu, Mama."

Akaendelea kupima maziwa.

Mvua iliyofuata, mguu wa kulia wa Wasike ulivimba ukawa kama shina la mgomba. Wakamrudisha hospitali, na madaktari wakaukata. Haukutoka damu. Yalitoka maziwa, yameganda.