Pokea, Pazia

Toroli la mikate lilichomoka mlangoni mwa duka kubwa, likamvaa binti aliyekuwa anapita na jora la kitambaa begani. Mikate ikaenda huku na kule, jora likajikunjua hadi barabarani, na watu, kama ilivyo ada yao, wakacheka kwanza ndipo wakasaidia kuokota.

"Huna macho?" binti alifoka, gauni lake la kijani limejaa makombo.

"Kosa langu, dada," alijibu aliyekuwa akilisukuma.

"Lote?"

"Lote. Hata robo sikugawii."

Alikuwa dereva wa gari la mikate, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Binti alikuwa fundi wa mapazia. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mwanamume anayekiri kosa kabla hajabanwa, na hapo ndipo moyo wake ulipoteleza.

Wakaitana Mkate na Pazia. Kitu kimoja tu kilimkera Pazia: Mkate akiwa kwenye usukani hapokei simu, hata angepiga mama yake mzazi.

"Nikupigie mpaka nichoke?"

"Ukichoka pumzika, mrembo wangu. Nataka nikufikie mzima."

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa shangazi yake Pazia, Mkate alichelewa. Shangazi alikuwa amejipamba, chai imepoa, jicho haliachi mlango. Pazia akapiga simu, ikaita tu. Akapiga tena na tena, kimya. Baadaye simu ya Mkate ikaingia, naye akaikata kwa hasira.

"Na yeye aonje," alimwambia shangazi.

Jioni dada yake Mkate alipiga akilia. Kaka amegongwa na lori njia panda, mguu umesagika.

Pazia alikimbia hospitali, akamuuguza, akamlisha supu kijiko kwa kijiko. Kisha ikaja ripoti ya polisi: dereva wa gari la mikate alikuwa akiongea na simu, akaingia mbele ya lori. Kosa ni lake.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Pazia aliuliza, bakuli bado mkononi.

"Sikuwa naongea na mtu. Lori ndilo halikusimama."

"Yangu hukupokea. Ulipokea ya nani?"

"Pazia, nilikupigia wewe, nikiwa nimeshagongwa. Ukakata."

"Ulishamalizana na mwenzangu, ndipo ukanikumbuka! Askari akusingizie ili apate nini?"

"Hajanisingizia, amekosea. Mimi unanijua. Kosa likiwa langu, si nalibeba?"

Wivu hauna masikio. Pazia aliweka bakuli chini, akatoka, na namba ya Mkate akaifungia isimpate tena.

Mwajiri alimfukuza Mkate kwa ripoti ile ile, na leseni ikachukuliwa. Pazia aliyasikia hayo, akazidi kukanyaga cherehani yake, akashona mapazia ya nyumba za watu huku nyumba yake mwenyewe ikipwaya.

Asubuhi moja dada yake Mkate aliingia dukani kwa Pazia na mzee mwenye gereji pale njia panda, nguo zake zimelowa oili.

"Wifi, kaka hajui kama nimekuja. Amekataa katakata nisikusumbue. Tunapinga ile ripoti, na huyu ndiye aliyemtoa garini. Msikilize tu."

Mzee alikohoa. "Lori lilipita bila kusimama, mwanangu, nimeliona kwa macho yangu. Simu ya kijana ilikuwa inaita ndani ya kasha la mbele, hakuigusa. Alipogongwa, mguu umebanwa, ndipo akaitafuta. Anatoka damu, simu sikioni, anasema, 'Pokea, Pazia. Pokea.' Askari alimkuta hivyo hivyo, akaandika alichokiona."

Pazia aliketi juu ya majora. Alikumbuka kidole chake mwenyewe kikikata ile simu, na alilia mpaka mzee akageuka kutazama ukuta.

Siku hiyo hiyo wakaenda wote polisi. Mzee akaeleza. Pazia akatoa simu yake, wakaona simu alizopiga zisipokelewe, kisha ya Mkate aliyoikata. Mkubwa wa kituo alirudia uchunguzi, ripoti ikabadilishwa, na kosa likarudi kwa mwenye lori. Mkate akarudishiwa leseni yake.

Walikutana nje ya kituo. Mkate alikuwa na fimbo, shati lile lile la kola iliyosimama, mwili umepungua ndani yake.

"Nisamehe, Mkate wangu. Shangazi bado anatungoja."

"Nilikusamehe zamani. Lakini niambie kitu kimoja. Huyu mzee asingetokea, ungeniamini?"

Jibu la "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni mwa Pazia. Akalimeza.

"Hapana," alisema. "Kosa langu."

"Lote?" Mkate alitabasamu, macho yamemjaa maji.

"Lote. Hata robo sikugawii."

Mkate alimshika shavu kidogo. "Nakupenda, Pazia. Ila siwezi kuishi nikitafuta shahidi kila ninaposema kweli." Akaondoka akichechemea. Baadaye alipata kazi ya gari la mizigo katika mji wa mbali.

Mchana mmoja Pazia alishindwa kuvumilia, akampigia. Simu ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe. Hakurudia. Atakuwa kwenye usukani, alijiambia, akijifuta machozi kwa pindo la pazia la mteja. Yule akiendesha hapokei simu, hata angepiga mama yake mzazi.