Ghati Hakujikwaa

Asubuhi nyumbani kwa Machage, kijijini Kerende, ilianza na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama Wegesa alikitikisa, akammiminia mumewe kikombe, kisha kibuyu chenyewe kikazunguka kwa watoto, kila mmoja akipiga funda na kumpa mwenzake. Waisiko alikunywa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, tena alikuwa darasa la nne katika shule ya misheni. Ghati, mdogo wake, ambaye alikuwa hajaanza shule, alikunywa baada yake. Hata mtoto aliyechapwa jana yake kwa utundu hakunyimwa kibuyu.

Kazi ya Ghati ilikuwa kupepeta wimbi la uji, na kazi hiyo ilimletea lawama kila mara. Alikuwa akipepeta vizuri tu, mara mikono inasimama. Macho yanaganda, midomo inatafuna kitu kisichokuwepo, wimbi linamwagika mavumbini na kuku wanafanya karamu. Kabla hujamaliza kumwita, amekwishazinduka na anaendelea na ungo wake kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alisema ni uzembe. Waisiko alisema ni kiburi, na dawa yake ya kiburi ilikuwa kumfinya. Alimfinya mtoto wa watu mara nyingi, na Ghati hakuwahi kujua amekosa nini.

Mkasa wenyewe ulitokea wakati wa palizi. Wazazi walikuwa shambani, na Waisiko, aliyekuwa ametoka shule, aliachiwa nyumba na mdogo wake. Alibandika chungu cha maharage. Ghati alichuchumaa kando ya mafiga, akisukumia kuni. Ghafla alitoa sauti nzito isiyo yake, akaanguka. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kutikisika, shingo imepinda upande mmoja na povu likimtoka mdomoni.

Habari za povu hilo Waisiko alikuwa nazo. Rafiki yake Regina alimwambia, naye aliambiwa na bibi yake, kwamba mtu akianguka kifafa usimguse wala usikanyage povu lake, maana litakuingia na wewe. Si Regina peke yake aliyeamini hivyo. Waisiko aliwahi kuona mtu akianguka mnadani, na watu wazima na akili zao wakatoka mbio, wanaume wenye fimbo mkononi, baba yake akiwa mmoja wao, wakaacha hata ng'ombe wao. Basi naye akafanya alichoona wakubwa wakifanya. Alikimbia, akajificha nyuma ya ghala la wimbi na kuziba masikio.

Alipojitia moyo kurudi, Ghati alikuwa ametulia, anakoroma. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye makaa.

Waisiko alimvuta, akapiga yowe. Baba alifika na jembe begani, mama nyuma yake akihema. Baba aliuliza imekuwaje. Hapo ulimi wa Waisiko ukatangulia akili.

"Alijikwaa kwenye mafiga, baba. Mimi nilikuwa nje."

Kusema kweli kungekuwa kusema kwamba alimwona mdogo wake anaanguka, akamwacha motoni. Angeanzia wapi? Alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, akaisogeza mbele, na akaendelea kuisogeza.

Lililomkata maini zaidi ni kwamba Ghati aliuamini uongo huo. Ugonjwa wa namna ile haumwachii mtu kumbukumbu ya kuanguka kwake. Ghati alichojua ni kwamba alikuwa anachochea kuni, kisha akaamka mkono unawaka kwa maumivu. Siku mama alipokuwa akimfunga kitambaa, Ghati alimgeukia Waisiko na kumwambia kwa sauti ndogo, "Dada, nisamehe. Nimekusumbua. Sikuangalia mafiga."

Tangu siku hiyo Ghati alipita mbali na jiko. Akitumwa chumvi, alizunguka ukuta mzima ili asikaribie mawe yale matatu, macho chini, akiinua miguu juu kama mtu anayevuka matope. Mama alicheka kidogo na kumsifu kwamba sasa amekuwa mwangalifu. Waisiko hakuweza kutazama.

Wala hakuishia hapo. Hofu ya povu ilikuwa bado imemkaa, akaanza kukikwepa kibuyu. Mwanzoni alisingizia tumbo. Kisha akatafuta kibuyu kidogo, akampa Ghati awe anakunywea peke yake, akasema ni chepesi kwa mtoto anayetumia mkono mmoja. Mama alimsifu mbele ya Regina na mama yake, kwamba ana mtoto mwenye huruma. Sifa zile zilimchoma Waisiko kuliko fimbo, akaondoka akajifanya anakwenda kuokota kuni.

Kidonda kilitibiwa katika hospitali ya misheni, kwa Athanas, tabibu ambaye watu wote walimwita Bwana Mganga. Siku moja, tabibu huyo akiwa anafungua bendeji, Ghati aliganda, macho yakaenda mbali, midomo ikaanza kutafuna. Bwana Mganga aliacha bendeji ikaning'inia, akamtazama hadi alipozinduka. Kisha akawauliza wazazi kama mtoto huyu amewahi kuanguka na kutikisika. Wazazi wakamtazama Waisiko, aliyekuja amebeba chakula.

"Hapana, Bwana Mganga," alisema Waisiko. "Siku ile alijikwaa."

Bwana Mganga hakubishana naye. Alisema kwamba Nairobi kuna mashine ambayo huchora kwenye karatasi jinsi ubongo wa mtu unavyofanya kazi, bila kumkata wala kumuumiza, na watu wa misheni wakampangia safari. Baba aliacha palizi katikati, akapanda lori na Ghati, wakavuka mpaka pale Sirari kuelekea huko. Waisiko alibaki akipalilia sehemu ya baba pamoja na mama. Kila jembe lilipoingia ardhini alijiuliza ni safari gani hii ya kutafuta Nairobi neno ambalo yeye analo mdomoni.

Waliporudi, familia yote iliitwa hospitali. Ghati aliwaambia alivyopakwa vitu vya kunata kichwani, akafungwa nyuzi nyingi, akaambiwa alale, naye akalala kweli. Bwana Mganga alikunjua karatasi ndefu mezani. Ilikuwa na mistari iliyopanda na kushuka, mingi, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mzee Machage, wewe ni mfugaji, utanielewa," alisema. "Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na mistari hii ni umeme huo. Hapa ni kama ng'ombe wanaokwenda malishoni, kila mmoja kwa mwendo wake. Sasa tazama hapa. Wote wameruka kwa pamoja, halafu wakatulia. Hivi si kawaida."

Baba aliinama juu ya karatasi. "Kwa hiyo ni kifafa?"

"Huenda. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Wapo watoto wenye mistari ya namna hii ambao hawajaanguka maisha yao yote, na wapo wanaoanguka na mistari yao ni safi. Kule kuganda kunanitia shaka. Ila kabla ya kumpa mtoto vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka, ningependa kumsikia mtu aliyemwona akianguka."

Baba alisema hakuna aliyeona. Bwana Mganga akaanza kuikunja karatasi, akasema basi wamwangalie, na likitokea jambo wamrudishe. Mama aliuliza kama mtoto anaweza kuendelea na kazi, maana mkono unapona na ndama wanahitaji mtu wa kuwapeleka kunywa maji mtoni Mara. Waisiko aliuona akilini ule mto, na ukingo wake wenye utelezi.

Ghati alidakia kwa furaha. "Naweza, Bwana Mganga. Siku hizi naangalia ninapokanyaga. Sijikwai tena."

Waisiko alishindwa kuvumilia. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ghati hakujikwaa," alisema. "Alianguka, akatikisika, akatokwa na povu. Nilimwona. Nilikimbia nikamwacha kwenye moto."

Baba alisimama, akakaa tena. Bwana Mganga ndiye aliyeongea, kwa upole, akimwuliza moja baada ya jingine: shingo iligeukia wapi, alitoa sauti, alichukua muda gani kuamka. Waisiko alijibu yote huku akilia, na ilionekana kwamba alikuwa ameyahifadhi vizuri kuliko somo lolote la darasani. Mwishoni Bwana Mganga aliikunjua tena karatasi, akasema sasa mistari na maneno vinakwenda pamoja. Alimwandikia Ghati vidonge, akakataza mto na moto kwa sasa. Kuhusu povu, alisema ni mate tu, hayamwambukizi mtu. Akianguka tena, waondoe moto karibu yake, wamlaze kwa ubavu, wasimtie kitu mdomoni, na wakae naye hadi aamke.

Nje ya hospitali Ghati alimshika dada yake mkono. Hakuonekana ana hasira. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo halikuwa kosa langu?"

"Halikuwa lako," alisema Waisiko. "Hata lile wimbi kumwagika halikuwa kosa lako. Nisamehe mimi."

Baba alikuwa amewasikia. Waisiko alitegemea fimbo, na kweli aliitaka, ili mambo yaishe. Baba alimgeukia.

"Mwanangu, kukimbia tulikufundisha sisi wakubwa," alisema. "Ulituona tukikimbia mnadani. Hilo ni deni letu, nami nitalisema mbele ya wenzangu. Lakini uongo hukufundishwa na mtu. Huo ni wako. Umemfanya mdogo wako abebe kosa ambalo si lake, na kidogo tungempeleka mtoni. Mtu akikosea kwa hofu, anaweza kusaidiwa siku ile ile akisema. Akinyamaza, anayeumia ni mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Vidonge vilifanya kazi, ingawa si mara moja. Wakati wa kuvuna Ghati alianguka tena, uani, mbele ya Regina na wanawake waliokuja kusaidia kupura. Wote walitawanyika. Waisiko hakukimbia. Alisukuma mchi kando, akamlaza mdogo wake kwa ubavu, akampangusa povu kwa upindo wa gauni lake na kuketi naye pale hadi macho yalipofunguka.

"Nimejikwaa?" aliuliza Ghati.

"Hapana. Umeanguka kwa ugonjwa wako. Mimi nilikuwa hapa."

Regina alirudi pole pole, akasimama kando, kisha akaleta maji. Na asubuhi iliyofuata kile kibuyu kidogo kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu. Waisiko alimwachia mdogo wake funda la kwanza kwenye kibuyu kikubwa, akakipokea na kunywa baada yake.